Kijiko cha Makame

Mwanahawa aliuchuja uji mara ya pili kwa kipande cha kanga, maana koo la mumewe lilikuwa halipitishi tena hata chenga, kisha akaupeleka chumbani. Wifi yake, Bi Somoe, alikuwa ameshajibwaga kando ya kitanda cha kaka yake, macho kayatoa.

"Onja kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa tangu saratani imbane Makame kooni: mke aonje, ndugu waone hakutia kitu. Makame alipokuwa na sauti hakumtetea mkewe hata siku moja. Sasa madaktari walikuwa wameiondoa sauti yenyewe.

"Leo sionji," alisema Mwanahawa.

"Umemsikia, kaka? Mchawi kajitaja mwenyewe!"

Makame akanyoosha mkono, akalipokea bakuli. Akachota uji hadi kijiko kikafurika, akakishika mbele ya mdomo wa dada yake.

"Mimi nimeshakula," alisema Bi Somoe, akaubana mdomo.

Kijiko hakikushuka. Uji ulimdondokea tone kwa tone juu ya buibui, na Mwanahawa, aliyekuwa na kitambaa mkononi, hakusogea kumpangusa.