Sare ya Harusi

Nta ilikuwa inatokota jikoni Serah alipopokea simu, brashi ikiwa bado mkononi. Alikuwa Sudha, mama wa Usha, msichana aliyekuwa karibu kuolewa na Solomon, mwana wa pekee wa Serah. Sudha alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa hakijachuja hata baada ya miaka yote hiyo ya Landani.

"Mama Solomon, nasikia wewe fundi wa batiki. Mimi nataka sare ya harusi. Utanitengenezea?"

Serah alitafuta kiti akakaa. Tangu apate mchumba, Solomon hakanyagi Thamesmead kwa mama yake. Eti nyumba ya mama inanuka nta, kana kwamba si nta hiyo iliyomsomesha! Serah alikuwa ameshajiandaa kwa aibu ya kuketishwa nyuma ukumbini kama jirani. Alichotaka ni kimoja tu: aketi mbele, watu wajue huyu ndiye mama wa bwana harusi. Na sasa mkwe mwenyewe anaomba sare. Kwao Murang'a, ukivaa sare ya harusi wewe ni mtu wa nyumbani.

"Nitatengeneza kwa moyo wote, mkwe wangu. Rangi gani?"

"Ya giza, isionyeshe mchuzi. Na kitambaa kigumu, kivumilie kufuliwa. Kushona, fundi wangu atashona."

Mama mwenye busara, aliwaza Serah. Harusi ina watoto, mchuzi utamwagika tu.

Akaingia kazini. Alichora matawi ya kahawa kwa nta, akatumbukiza vitambaa kwenye rangi ya buluu, akaanika bafuni, akachora tena, akatumbukiza tena. Mgongo ulimuuma na kucha zikageuka buluu. Jirani yake Margaret alikuja kumsaidia kuitoa nta kwa pasi na magazeti, na Margaret mdomo wake hauna breki.

"Serah, hao Wahindi harusini huvaa sari. Sare wameanza lini?"

"Wivu huo, Margaret. Wamenikubali."

"Na Solomon anasemaje?"

Solomon alikuwa amepigiwa simu. "Ask Usha's mum," alijibu, akakata. Hilo Serah alilimeza.

Vitambaa alimpelekea Sudha, akabakiza kipande chake, akajishonea gauni na kilemba. Siku ya harusi alipanda treni hadi Neasden, shingo imenyooka. Abiria walimtazama, naye, maskini, akafurahi kutazamwa. Hakuwahi kupendeza vile tangu aolewe.

Ukumbini alikuta sari nyekundu, sari za kijani, dhahabu kila shingo. Batiki hakuiona. Akajipenyeza katikati ya watu akitafuta matawi yake ya kahawa, hadi akayaona kule mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Wasichana kwa wavulana waliyavaa, na kila mmoja alikuwa amebeba trei.

Solomon alikuwa hapo karibu, anacheka na wageni wake. Serah alimwendea, akasimama ubavuni pake. Kijana aliiona batiki kwa pembe ya jicho. Bila kugeuka, akamnyooshea gilasi tupu.

"Orange juice, please."