Mwizi wa Uyoga

Nungunungu, mlinzi wa msitu wa miyombo, alikuwa mkali kuliko miiba yake. Alipomkuta Panya Buku anakula uyoga, alimfukuza mpaka ng'ambo ya mto.

"Mwizi mkubwa wewe! Nisikuone tena hapa!"

Mvua zilizofuata, miche ya miyombo iligeuka manjano, ikaanza kufa. Nungunungu akamwita Fuko, mtafiti wa mizizi. Fuko akachimba chini ya miti mikubwa, kisha chini ya miche.

"Mizizi ya miti mikubwa imevikwa nyuzi nyeupe za uyoga. Ndizo zinazoiletea maji na chakula," alisema. "Miche haina hata uzi mmoja. Mbegu za uyoga ule husambazwa na mavi ya anayeula. Nani alikuwa anaula?"

Nungunungu akamkumbuka Panya Buku. Alivuka mto.

"Rudi nyumbani, ndugu yangu," alimwambia Panya Buku.

"Nije kuiba tena?"

"Uje ule, ushibe. Ila nakuomba, usijisaidie njiani."

Miche ikarudi kuwa kijani. Siku hizi Panya Buku akichutama kichakani, Nungunungu hugeuza uso kwa heshima na kusema, "Ahsante sana, mzee wangu."