Mshono wa Nje

Fundi alipenyeza ncha ya mkasi chini ya kifungo cha shati. Akilegeza nyuzi kidogo tu, vifungo vitapukutika njiani, na mdogo wake ataumbuka.

Tangu kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kifungwe, alikuwa akipunguza mitumba iliyopwaya ya mdogo wake huyo. Walikaa baraza moja. Kwa mdogo mtu wateja walijaa kama nyuki. Kwake hakutua hata nzi.

"Vitu vya nje hivi, mama," mdogo mtu alikuwa akimnadia mteja. "Hapa kwetu nani anaweza kushona hivi?"

Roho ikamuuma fundi. Akaligeuza shati ili mkasi ufike vizuri.

Nyuma ya kifungo, ncha za uzi zilikuwa zimefungwa fundo kwa mkono. Akakodoa macho. Kule kiwandani, walikoshona mashati ya kupelekwa ng'ambo, ni yeye peke yake aliyefunga hivyo. Msimamizi hakuchoka kumfokea: "Mashine imeshamaliza, wewe unapoteza muda wa nini?"

"Dada!" mdogo mtu akaita. "Mteja anauliza kama vifungo ni imara."

Fundi akaweka mkasi chini.

"Mwambie avute," akasema. "Avute hata kwa meno."