Nishani ya Koplo Nzomo

"Andika hivi," Mbaluka alisema, mkono juu kama shahidi kortini. "Naapa kwa kaburi la baba yangu mzazi, Koplo Nzomo, kwamba kila neno hapa ni kweli tupu. Nikidanganya, radi inipasue nikiwa chooni."

Vidole vya Dianah vilisimama juu ya kompyuta. "Koplo nani, mzee?"

"Nzomo! Masikio huoshi?" Akafungua mkebe wa mafuta ya Kimbo, akafunua leso, akamwonyesha nishani kwa mbali. Kichwa cha mfalme upande mmoja; ukingoni, herufi ndogo za jina. "Soma kwa macho. Usiguse. Mkono wa binti wa Ruiru na sumaku ni ndugu."

Dianah akasoma lile jina mara mbili, akaendelea kuchapa.

Mbaluka, karani mstaafu wa kiwanda cha nguo, alikaa Kiganjo, Thika, lakini barua zake za kompyuta alizifuata Ruiru, kwenye ofisi ya Dianah ya kuchapa. Kitu cha thamani hakiuzwi mbele ya majirani. Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na sheria alikuwa nazo nyingi, kwa sababu dunia hii, kwa hesabu yake, ilizaa watu werevu wawili tu, na mmoja alishakufa.

"Wajinga wa Thika," alimfundisha Dianah, "huuza vitu vya mababu kama sukuma wiki. Juzi mmoja ametuma sarafu zake za zamani kwa posta, ati cheki inakuja. Cheki! Cheki si pesa mpaka benki iseme. Mnunuzi asiyebishana bei, mwizi. Anayesema tuma kwanza, mwizi. Anayelia shida, huyo ni mwizi mwenye kipaji. Mimi nataka pesa mkononi, mchana, na shahidi ameketi."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa andika jinsi Baba alivyovuka mto kule Burma, bega hili ofisa Mzungu aliyejeruhiwa, bega hili punda."

"Punda mzima?"

"Andika wawili."

Baada ya siku tatu, Bwana Harold wa Uingereza, mnunuzi wa nishani za vita, alijibu. Dianah ndiye aliyemsomea, maana herufi za kwenye kioo zilimtoa Mbaluka machozi, na Kiingereza cha Mzungu huyo, alisema, kilikuwa cha kishamba. Harold alibishana bei. Mbaluka akafurahi. Harold hakutaka kutumiwa chochote kwanza. Mbaluka akafurahi zaidi, hata akaenda kuchagua pikapu. Harold aliuliza jambo moja tu: atajuaje kwamba muuzaji ni mwana wa marehemu, si tapeli?

"Asi! Mimi, tapeli?"

Siku hiyo hiyo Mbaluka alikwenda kwa wakili, akala kiapo rasmi kwamba yeye ni mtoto wa kwanza wa Koplo Nzomo wa Gatuanyaga. Muhuri ukagongwa. Karatasi akamletea Dianah, ampelekee Harold habari zake.

Hata mashine yenyewe aliidharau. Zile za Nairobi hulia kama paka aliyekanyagwa mkia zikitafuta laini ya simu. Hii ya Dianah ilikuwa bubu, na waya wa simu umekunjwa vizuri, umetundikwa msumarini. "Kitu cha bei rahisi," alijisemea. "Kama mwenyewe."

Wakapatana. Jumamosi saa nne asubuhi, mjumbe wa Harold angeleta pesa hapo ofisini. Mbaluka alivaa koti, akapaka viatu rangi, akaketi na mkebe mapajani.

Mlango ukafunguka. Akaingia bibi wa karibu miaka themanini, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, na nyuma yake mzee mwembamba mwenye fimbo.

"Ombaomba wakae nje," Mbaluka alisema bila kuwatazama. "Hapa kuna biashara."

"Ni huyu?" bibi aliuliza.

"Ndiye, nyanya," Dianah akamjibu, kama mjukuu.

Bibi akamsogelea, akamkagua uso kama anayekagua mahindi ya mbegu. Hapo ndipo Mbaluka alipoinua macho, akamtambua, akaufunika mkebe kwa koti.

"Mwaka jana," bibi Nduku alisema, "ulipokuja Gatuanyaga kuchukua nishani ya marehemu mume wangu, uliniambia wewe ni afisa wa pensheni. Nikakupa na kuku wa njiani. Kumbe ulikuwa mwanangu, ukaona haya kusema."

"Mama, hapo kuna kosa. Kuna Mzungu mmoja..."

"Mzungu gani, baba mkubwa?" Dianah aliuliza kwa upole. "Simu hapa ilikatwa tangu Krismasi; barua haziingii wala hazitoki." Akaishika ile karatasi ya wakili, akaipeperusha kidogo. "Kama kiapo chako ni cha uongo, polisi wako hapo ng'ambo ya barabara. Tuwaite?"

"Polisi wa nini?" mzee mwenye fimbo akadakia, akitabasamu kwa meno manne. "Mtoto wa kwanza amepatikana, tena amejiapia mwenyewe! Mimi ni Mwau, mjomba wako. Huyu ni dada yangu. Baba yako alikufa kabla hajamaliza kumlipia mahari, na unajua kwetu: asipomaliza baba, humaliza mwana."

Mbaluka aliutazama muhuri wa wakili. Akautazama mlango. Akaitazama fimbo. Kisha akauweka mkebe mikononi mwa Nduku, taratibu, kama mtu anayeshusha punda begani.

"Mjomba," akasema, "ni mbuzi wangapi?"