Mwanasesere wa Kurithi

Mtoto akiachishwa ziwa, sheha wa mtaa humletea mwanasesere wa umeme wa kumfundisha. Mwanasesere huyo hafutwi kumbukumbu. Aliyoyazoea kwa mtoto wa kwanza huyahamishia kwa wa pili, na watu huona hiyo ndiyo faida yake, kwamba anakuja keshakomaa.

Wa Salha alikuja na kiraka mguuni. Alimfunza rangi, kunawa mikono, na kuitika "labeka" kwa adabu. Raya, mama yake, alifurahi. Ila mara nyingine ilibidi amwite mtoto mara mbili tatu ndipo aitike. Akadhani ni utoto.

Asubuhi moja alipiga hodi mwanamke mgeni.

"Samahani, dada. Mwanasesere huyo alikuwa wa mwanangu. Kiraka nilikishona mimi. Nilikuwa napita tu, nikasema nimwone."

Raya akamkaribisha mkekani, akaingia jikoni kumtilia chai. "Mwanao keshaanza skuli?" akauliza kutoka huko.

"Hakuwahi. Mungu alimchukua Wasila wangu kabla."

Raya akaanza kumimina chai. Akiwa bado ameshika birika, akamsikia mgeni akiita kwa sauti ndogo, kama anayejaribu tu: "Wasila."

"Labeka, mama," Salha akaitika, na miguu yake midogo ikasikika ikikimbilia mkekani.

Raya akatua birika. "Salha," akaita.

Kimya. Akaita tena.

"Mwitikie, mwanangu," mgeni akamwambia mtoto kwa upole. "Wenyeji wanakuita."