Mvua ya Siwema

Sheria ilikataza kumfukuza mtu anayeishi garini mvua ikinyesha, na siku hizo kila gari la kuishi lilikuwa na mtambo wa kuita mvua juu ya paa. Siwema, aliyetolewa chumbani na kaka yake Chande mara tu baada ya arobaini ya mama yao, aliegesha lake uani kwa Chande, akabonyeza kitufe, akabandika chai.

Wiki ya tatu Chande aligonga, amelowa chapachapa. "Dada, mahindi yote yameoza. Nisamehe, zima."

"Karibu chai, kaka. Nikizima si utanifukuza?"

"Sikufukuzi, wallahi! Kaburi la mama linatitia."

Siwema alichungulia dirishani, akaliona.

"Basi mhamishie kile chumba ulichonitoa," alisema, akabonyeza tena, mvua ikazidi.