Mlango wa Kushoto

Shomari alimaliza kuuchomelea mlango wa dereva usifunguke tena, akazima mashine na kuvua miwani. Bodi ya gari lake la zamani, jekundu, lenye boneti ndefu, sasa ilikuwa imekaa juu ya chasisi ya gari la mashindano. Mabomba ya chasisi hiyo yaliziba milango yote miwili. Dereva angeingilia dirishani.

"Bado wa kushoto," alisema Kheri, ndugu wa mkewe, aliyekuja kumshikia vyuma. "Tuumalize, shemeji."

Shomari alizunguka. Kitasa cha kushoto kilikuwa kimepauka pale mkewe, Tausi, alipozoea kukishika, kabla hajarudi kwao.

"Akirudi ataingilia wapi?"

Kheri alicheka. "Dada yangu yule, na gauni lake, apande dirishani? Atalipindua gari!" Alipoona Shomari hacheki, akashusha sauti. "Kwani amekwambia atarudi?"

"Hapana."

Shomari aliufungua mlango, akaufunga polepole, akasikiliza mlio wake. Kisha akachukua chaki, akatia alama kwenye bomba lililouziba.

"Ukilikata hilo hawatakuruhusu kushindana. Miaka yote unalilia mashindano, shemeji!"

"Najua."

Alipuliza vumbi la chaki vidoleni.

"Kesho njoo na msumeno," alisema.

Kheri alipokwisha kwenda, Shomari alilifunika gari kwa turubai, upande wa dereva hadi chini. Upande wa kushoto aliukunja juu, na mlango akauacha wazi kidogo.